Uchague yupi? Pokémon wa aina ya mwamba wakipimwa bega kwa bega

Onix ana urefu wa mita 8.8. Shambulio lake la msingi ni 45, sawasawa na la Pidgey, kale kandege ka mwanzo wa safari. Ulinzi wake ni 160, na hiyo ndiyo namba inayowavuta watu: wanaona 160, wanaona mwili wa mawe matupu, wanasema hapa ukuta umepatikana. Kisha anakuja Squirtle na Water Gun, na ukuta unalala kwa mapigo mawili, pengine moja. Water Gun hupimwa kwa ulinzi maalumu, ambao kwa Onix ni 45. Uhai wake wa msingi ni 35. Na kwa kuwa yeye ni mwamba na ardhi kwa pamoja, maji humuuma mara nne. Ile 160 haikuulizwa kabisa.

Aina nzima ya mwamba iko hivyo. Aina tano humuuma mara mbili: maji, nyasi, mapigano, ardhi na chuma. Nne tu ndizo anazozipunguza nusu: kawaida, moto, sumu na kuruka. Upande wa kupiga ndiko kuliko na neema, maana moto, barafu, kuruka na wadudu wote huumia mara mbili, na aina hizo hukutana nawe katika karibu kila toleo. Kwa hiyo anayemchukua Pokémon wa mwamba ili akae akipokea mapigo, mara nyingi atajuta. Anayemchukua kwa ajili ya mapigo mawili matatu atakayotoa kabla hajaanguka atakuwa ametumia nafasi ya kikosi vizuri. Wapo wanaovunja kanuni hii, na Garganacl ndiye wa kwanza, lakini ni wachache.

Unapolinganisha, angalia kwanza aina yake ya pili, halafu kipawa, halafu njia ya kumfikisha umbo la mwisho. Ulinzi uangalie baadaye.

Onix au Geodude: mfano wa Miltank wa Whitney

Pambano hili la Gold na Silver, dhidi ya Whitney, mmoja wa viongozi wa gym, na Miltank wake, linaonyesha tofauti ya wawili hawa kuliko maelezo yoyote. Miltank ana leveli 20, na mapigo yake ni Rollout, Stomp, Attract na Milk Drink. Rollout huanza na nguvu 30 na kujizidisha mara mbili kila ikipata: 30, 60, 120, 240, 480. Kikosi cha kawaida huvunjika kwenye pigo la tatu.

Onix na Geodude wote ni mwamba na ardhi, kwa hiyo wote hupunguza Stomp nusu kwa sababu ya mwamba na Rollout nusu kwa sababu ya ardhi. Hapa mapigo yote mawili ni ya kimwili, na kwa mara moja ile 160 ya Onix inafanya kazi yake. Onix anasimama vizuri. Tatizo ni kwamba hana cha kumfanya Miltank. Rock Throw kutoka kwenye shambulio la 45 inakwangua kidogo, Miltank anakunywa Milk Drink na kurudisha nusu ya uhai, na mchezo unaanza upya. Geodude ana ulinzi wa 100, ambao ukijumlishwa na kinga ya aina unatosha, na shambulio lake ni 80. Akifika leveli 16 anajifunza Magnitude, pigo la ardhi ambalo nguvu yake hubahatishwa kati ya 10 na 150. Ikitoka 90 au zaidi, Miltank anaumia kweli.

Mkamate Geodude wa kike. Miltank ni jike, na Attract hushika jinsia tofauti tu. Ukiingia na dume utakuwa unapoteza zamu nusu kwa nusu huku Rollout ikipanda.

Huyo ndiye Onix kwa jumla: hafi haraka mbele ya wapigaji wa kimwili, lakini pia haui. Thamani yake halisi ni kwamba akibadilishwa na mwenzako akiwa ameshika Metal Coat anakuwa Steelix, ambaye si mwamba tena, ni chuma na ardhi.

Golem na Gigalith: je, una mtu wa kubadilishana naye?

Graveler na Boldore wote hugeuka kwa kubadilishana tu. Kama unacheza peke yako, bila mtu wa kubadilishana, jibu ni fupi: waache wote wawili, utabaki na umbo la kati mpaka mwisho wa hadithi. Isipokuwa Legends: Arceus ya 2022, ambako kifaa kiitwacho Linking Cord humgeuza Graveler kuwa Golem bila mwenzako.

Kuna kosa moja linalorudiwa sana. Geodude na Roggenrola wa porini wakati mwingine hukamatwa wakiwa wameshika Everstone, jiwe linalozuia kubadilika. Watu hubadilishana, skrini inamaliza, Graveler anafika upande wa pili akiwa Graveler vilevile. Kagua alichoshika kabla hujampeleka.

Ukiwa na mtu, Gigalith ni bora kwa mapambano ya ushindani na Golem ni bora kwa hadithi. Golem ana ardhi kama aina ya pili, kwa hiyo umeme haumgusi na Earthquake yake hupata nyongeza ya aina ya asilimia 50. Ila maji na nyasi humuuma mara nne, na huko ndiko anakofia kila siku. Kipawa cha Sturdy, ambacho tangu Black na White humwachia uhai wa 1 akipigwa pigo la kuua akiwa na uhai kamili, humpa angalau zamu moja ya kujibu. Kumbuka neno kamili. Akiingia uwanjani penye Stealth Rock ya adui, yaani mawe yanayomuumiza kila anayeingia, Sturdy imeshakufa kabla hajapigwa, na pigo la kurudiarudia kama Rock Blast huivunja pia.

Gigalith ni mwamba mtupu, shambulio 135, kasi 25. Kasi hiyo ni ya aibu kila mahali isipokuwa chini ya Trick Room, ambako wa polepole hutangulia. Tangu Sun na Moon anaweza kuwa na Sand Stream, kipawa kinacholeta dhoruba ya mchanga anapoingia, na dhoruba humwongezea kila Pokémon wa mwamba ulinzi maalumu kwa asilimia 50. Boldore mwenye Weak Armor ndiye anayekuja kuwa Gigalith wa Sand Stream. Mwenye Sturdy hubaki na Sturdy. Wengi hulea Boldore asiye sahihi kisha hushangaa mchanga hauji.

Wakubwa: Tyranitar, Rhyperior, Garganacl

Hizi ni takwimu za msingi. Golem na Gigalith wamo ili uone pengo.

| | Uhai | Shambulio | Ulinzi | Shambulio maalumu | Ulinzi maalumu | Kasi |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Golem | 80 | 120 | 130 | 55 | 65 | 45 |
| Gigalith | 85 | 135 | 130 | 60 | 80 | 25 |
| Rhyperior | 115 | 140 | 130 | 55 | 55 | 40 |
| Tyranitar | 100 | 134 | 110 | 95 | 100 | 61 |
| Garganacl | 100 | 100 | 130 | 45 | 90 | 35 |

Kwa namba peke yake Tyranitar anashinda, na jumla yake ya 600 haina mjadala. Mchanga wake unafanya ile 100 ya ulinzi maalumu kuwa ngumu sana kuvunja. Pokémon wengi wanaotegemea mapigo maalumu huondoka wakimwona. Lakini hesabu gharama. Larvitar hugeuka leveli 30, Pupitar leveli 55. Mpaka hapo unabeba mwamba na ardhi wa kawaida, dhaifu mara nne kwa maji na nyasi, mwenye takwimu za mtoto. Katika Gold na Silver hupatikana Mt. Silver, yaani hadithi ikiwa imeshaisha. Katika Sword na Shield yumo kwenye Shield; katika Scarlet na Violet yumo kwenye Scarlet. Ukinunua toleo lisilo lake utahitaji kubadilishana.

Halafu kuna ile aina ya giza. Inamfanya asiguswe na mapigo ya nguvu za akili, lakini inamletea maumivu ya aina saba, na mapigano humuuma mara nne. Fanya hesabu ya Mach Punch, pigo dogo la nguvu 40 linalotangulia zamu: likitoka kwa Pokémon wa mapigano ni 40 mara 1.5 mara 4, yaani 240. Mchanga haukusaidii hapo kwa sababu huongeza ulinzi maalumu tu, na Mach Punch ni ya kimwili. Mpe Chople Berry, inayopunguza nusu pigo moja la mapigano, au uwe tayari kumtoa mapema.

Kasoro nyingine ya Tyranitar huwapata wenzake. Dhoruba humng'ata kila asiye wa mwamba, ardhi au chuma sehemu 1 ya 16 ya uhai kila mwisho wa zamu. Ukiwa na mwenzake anayetegemea Focus Sash, kifaa cha kushika kinachofanya kazi kama Sturdy na ambacho nacho kinahitaji uhai kamili, umeivunja mwenyewe. Tangu X na Y mchanga hudumu zamu 5, au 8 akishika Smooth Rock; kabla ya hapo ulikuwa hauishi mpaka hali nyingine ya hewa iufute.

Rhyperior ni mtu wa nyundo. Stone Edge na Earthquake kutoka kwenye shambulio la 140, na wachache sana huzipinga zote mbili. Kipawa cha Solid Rock hupunguza kila pigo linalomuuma kwa robo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Surf ya Pokémon wa maji kwake ni 90 mara 1.5 mara 4, yaani 540. Ukitoa robo inabaki 405. Kwa ulinzi maalumu wa 55, 405 inamzika. Solid Rock inamwokoa dhidi ya mapigo yanayouma mara mbili, kama ya mapigano na chuma, na kwa hayo anasimama kweli. Assault Vest humwongezea ulinzi maalumu nusu yake, ila humzuia kutumia mapigo yasiyoumiza, kwa hiyo sahau Rock Polish na Stealth Rock. Katika mapambano ya wawili kwa wawili fikiria Lightning Rod badala yake: huvuta mapigo ya umeme yaliyolengwa kwa mwenzake, na yeye umeme haumgusi.

Njia ya kumfikia ni ndefu. Rhyhorn hugeuka leveli 42, kisha Rhydon hubadilishwa akiwa ameshika Protector. Katika Legends: Arceus Protector hutumiwa moja kwa moja, bila mwenzako.

Garganacl, wa Scarlet na Violet ya 2022, hugeuka leveli 24 na 38, bila kubadilishana na mtu, na hupatikana kwenye matoleo yote mawili. Kwa hadithi ya michezo hiyo hakuna mwamba mwingine wa kufikiria. Shambulio lake la 100 si la kutisha, na halihitaji kuwa. Kazi hufanywa na Salt Cure: nguvu 40, haikosi kwa kawaida, na anayepigwa huendelea kuchubuka kwa chumvi sehemu 1 ya 8 ya uhai wake kila mwisho wa zamu. Akiwa wa maji au chuma, huchubuka robo nzima. Yaani aina mbili kati ya zile tano zinazomuua mwamba ndizo zinazoogopa kumkaribia huyu.

Chukua Pokémon wa maji mwenye uhai 320. Zamu ya kwanza Salt Cure. Ukiacha pigo lenyewe, chumvi inachukua 80. Zamu ya pili Protect, 80 nyingine, bila wewe kuguswa. Ya tatu Recover inakurudishia nusu ya uhai wako, na chumvi inachukua 80 nyingine. Ya nne Protect, na amekwisha. Purifying Salt, kipawa chake, kinazuia sumu, kuungua, kupooza na usingizi, na kinapunguza nusu mapigo ya mizimu, kwa hiyo ile njia ya kawaida ya kuwachosha Pokémon wagumu imefungwa.

Kinachoharibu mpango huu ni vitu vichache, na inafaa uvijue kabla ya kumlaumu. Adui akitoka uwanjani, chumvi huisha. Aliyejikinga kwa Substitute au aliyeshika Covert Cloak hashikwi nayo. Mwenye Magic Guard hupigwa lakini hachubuki. Taunt, inayozuia mapigo yasiyoumiza, huzima Recover na Protect kwa pamoja. Na katika kizazi hiki Recover ina matumizi 5 tu, 8 ukiiongeza mpaka mwisho, si 10 ya zamani. Ukiipiga ovyo mwanzoni utaishiwa.

Kama ni mmoja tu kwa mchezaji wa kawaida: Garganacl ukiwa Scarlet au Violet, Tyranitar penginepo ukiwa na subira, Rhyperior kama una mwenzako wa kubadilishana naye na unapenda kumaliza mambo kwa pigo moja.

Visukuku: Omastar au Kabutops

Swali hili ni la 1996 na jibu lake linategemea mwaka wa toleo unalocheza. Katika Red na Blue unachukua kimoja tu Mt. Moon: Helix humleta Omanyte, Dome humleta Kabuto, vyote hufufuliwa Cinnabar Island na wote hugeuka leveli 40. Wote ni mwamba na maji, wote nyasi huwauma mara nne.

Mpaka mwaka 2006 pigo lilihesabiwa kuwa la kimwili au maalumu kwa kufuata aina yake. Maji yote yalikuwa maalumu, nyasi zote maalumu. Mwamba, ardhi na mapigano vilikuwa vya kimwili. Kabutops ana shambulio la 115, lakini Surf yake ilikuwa inatoka kwenye ile namba maalumu ya 70. Omastar ana 115 upande huohuo wa maalumu, kwa hiyo kwenye matoleo ya zamani Surf yake ni nzito na ya Kabutops ni nyepesi. Diamond na Pearl zilipoanza kuhesabu kila pigo peke yake, Kabutops alipata mapigo ya maji ya kimwili kama Aqua Jet na Waterfall, na mizani ikageuka. Red na Blue, chukua Helix. Kuanzia Diamond, chukua Dome, hasa kwa kikosi cha mvua, maana Swift Swim humzidishia kasi ya 80 mara mbili.

Mgawanyo huohuo wa zamani ndio uliomdhulumu Golem: mapigo ya aina mbili zilizomuuma mara nne yote yalikwenda upande wake dhaifu.

Cranidos na Shieldon hutenganishwa na toleo, Diamond kwa wa kwanza, Pearl kwa wa pili. Rampardos ana shambulio la 165 na ulinzi wa 60. Bastiodon ni kinyume chake, ulinzi 168 na shambulio 52. Kwa hadithi, Rampardos bila kusita.

Aina ya pili: anayeponya na anayeharibu

Watu hudhani chuma ndiyo nyongeza bora ya mwamba kwa sababu vyote vinaonekana vigumu. Aggron ana ulinzi wa 180, Probopass ana 145 na 150 pande zote mbili, na wote wawili hupigwa mara nne na mapigano na mara nne na ardhi. Earthquake imejaa kila kona ya michezo hii. Aggron anafaa akiwa na Rock Head, kipawa kinachofuta maumivu ya kujirudia, kwa sababu Head Smash ina nguvu 150 na kwa kawaida hukurudishia nusu ya maumivu uliyotoa. Relicanth na Arcanine wa Hisui hufanya kitu kilekile.

Barafu ni mbaya kuliko zote. Aurorus ana uhai wa 123, sura nzuri, na aina sita zinazomuuma, mapigano na chuma zikiwa mara nne. Uhai wote ule unakwenda bure.

Dawa ya kweli ni wadudu. Mwamba na wadudu wakiungana, mapigano, ardhi na nyasi hurudi kuwa ya kawaida, na zinabaki tatu tu: maji, mwamba na chuma. Ndiyo hali ya Kleavor, Crustle, Armaldo na Shuckle. Nyasi nayo si haba: Cradily huumwa na mapigano, chuma, wadudu na barafu, hakuna hata moja mara nne. (Shuckle ana ulinzi 230 na ulinzi maalumu 230, uhai 20, kasi 5, na mashambulio yote mawili ni 10. Ni kiumbe cha kuwekea mpinzani Sticky Web na kumkera. Usimtarajie amalize pambano.)

Stealth Rock: Glimmora au Kleavor

Stealth Rock humpiga kila adui anayeingia, kwa kiasi kinachotegemea jinsi mwamba unavyomuuma: asilimia 12.5 ya uhai kwa wa kawaida, 25 kwa anayeumwa mara mbili, 50 kwa Charizard na wenzake wa mara nne, 6.25 kwa anayepinga. Aliyeshika Heavy-Duty Boots hapati kitu.

Glimmora ni mwamba na sumu, na ni wa ajabu katika ukoo huu: shambulio maalumu 130, kasi 86. Kipawa chake Toxic Debris humwaga Toxic Spikes, miiba ya sumu, upande wa adui kila akipigwa kimwili. Akiwa na Focus Sash kwa kawaida anaweza kuweka Stealth Rock, akapigwa, akaacha sumu, na bado akabaki na zamu ya kushambulia. Ardhi humuuma mara nne, na Taunt humzuia kuweka mawe.

Kleavor huweka mawe kwa kupiga. Stone Axe ina nguvu 65, ikipata inaacha Stealth Rock, na kwa kuwa ni shambulio Taunt haiizuii wala Magic Bounce hairudishi. Lakini hulenga kwa asilimia 90, na moja kati ya kumi ikikosa unakuwa hujaumiza wala hujaweka mawe. Hupatikana Legends: Arceus kwa kumpa Scyther jiwe la Black Augurite, kumfikisha Scarlet au Violet hupitia HOME, programu ya kuhamishia Pokémon. Kwa mchezaji asiye na Legends, Glimmora ndiye chaguo lililobaki, na si chaguo baya.

Wenye kasi, na suala la kukosa

Stone Edge ina nguvu 100 na hulenga asilimia 80. Mbili mfululizo kupata ni 64, tatu ni 51, na zote tano za matumizi yake ni kama 33. Rock Slide ina nguvu 75, asilimia 90, na nafasi ya asilimia 30 kumshtua adui asipige. Kushtua hufanya kazi ukitangulia tu. Golem akipiga Rock Slide, ile 30 ni pambo. Aerodactyl mwenye kasi ya 130 akiipiga, ni silaha. Katika pambano la wawili kwa wawili nguvu hushuka kwa robo lakini hupiga wote, na ukitangulia nafasi ya kumshtua angalau mmoja ni karibu asilimia 47. Kwa hiyo wa polepole wape Stone Edge au Rock Blast, wa haraka wape Rock Slide.

Archeops ana shambulio 140 na kasi 110, juu ya Aerodactyl kwa nguvu, lakini Defeatist hukata mashambulio yake nusu uhai ukifika nusu au chini. Kwa hadithi, ambako utapigwa mara nyingi, Aerodactyl anatulia zaidi.

Lycanroc ana sura tatu, na wote hutoka kwa Rockruff leveli 25. Wa mchana ana kasi 112 na Accelerock, pigo la nguvu 40 linalotangulia. Mchague kama hujui umchague yupi. Wa usiku ana kasi 82, lakini kipawa chake cha siri, No Guard, kinafanya kila pigo lipate, na Stone Edge isiyokosa ni neema kubwa. No Guard pia huwafanya adui wasikukose. Wa magharibi, mwenye Tough Claws, hutoka kwa Rockruff mwenye Own Tempo pekee. Rockruff wa kawaida ukimsubirisha jioni nzima hatageuka rangi ya machungwa.

Coalossal, kwa wanaopenda mitego

Mwamba na moto, kasi 30, maji na ardhi humuuma mara nne. Kwenye karatasi ni wa kupita. Lakini Steam Engine humpandishia kasi ngazi sita, yaani mara nne, akiguswa na maji au moto. Katika Sword na Shield wachezaji walimweka kando ya Dragapult, wakampa Dragapult Surf na Coalossal Weakness Policy, kifaa kinachoamka mwenye kukishika akipigwa na aina inayomuuma. Mwenzake anammwagia maji, kasi inapanda mara nne, na Weakness Policy inapandisha mashambulio yote mawili ngazi mbili. Anayemwagia lazima awe dhaifu kwa shambulio maalumu, na Coalossal awe ameshakuwa jitu kwa Dynamax ili uhai wake uwe umeongezeka. Ukipuuza moja kati ya hayo unamuua mwenyewe. Na mpinzani akiweka Trick Room zamu ileile, kasi yote uliyoinunua inageuka mzigo: Coalossal sasa ndiye wa mwisho kupiga mpaka Trick Room iishe.